Yule dada wa taiti nyeusi kwenye sinema bubu za Kifaransa aliishia wapi?

mpenda_zilipendwa:
Wakuu salama? Juzi kati napekua YouTube usiku nikakutana na kipande cha sinema bubu ya Kifaransa, kuna dada kavaa taiti nyeusi imembana kuanzia kichwani mpaka miguuni, uso tu ndo uko wazi, na macho kayapaka wanja kama kapigwa ngumi, anapita gizani anaingia vyumba vya watu kuiba. Komenti zinasema anaitwa Musidora na sinema ni Les Vampires ya 1915. Nikasema leo nakesha na wanyonya damu, nikaitafuta nikaanza sehemu ya kwanza, wapi bwana, hakuna hata jino refu moja na huyo dada mwenyewe simwoni!! Sasa naomba kuelimishwa, huyu alikuwa nani na mbona baada ya hapo hayupo kwenye muvi za sauti? Kuna jamaa kwenye komenti anasema sauti ilipoingia ndo ikamzika. Ni kweli?

KitiChaNyuma:
Mkuu umenichekesha, wote tuliingia mkenge huohuo na hilo jina. Vampires hapo ni genge la majambazi wa Paris, wezi, wauaji wa sumu, wateka watu, damu hawanywi. Ni sinema ya mfululizo, sehemu 10, ukizijumlisha ni kama masaa 7 hivi, kampuni ya Gaumont, mwongozaji Louis Feuillade, na zilitoka kuanzia Novemba 1915 mpaka katikati ya 1916 yaani vita kuu ya kwanza imepamba moto na vijana wa Ufaransa wako kwenye mahandaki. Ndo maana ukiangalia mitaa ya Paris humo imepoa vibaya.

Na hukumwona kwa sababu Musidora anaingia sehemu ya 3. Mwandishi wa habari anayewafuatilia hao majambazi, Guérande, anafika nje ya baa moja ya usiku, anasimama mbele ya bango lenye jina la mwimbaji, Irma Vep, halafu herufi za bango zinaanza kuhama zenyewe moja moja zinajipanga upya mpaka zinasomeka VAMPIRE. 1915 hiyo, hakuna kompyuta! Kisha unaingizwa ndani unamwona mwenyewe yuko jukwaani anaimba, na hapo umeshajua huyu siyo mwimbaji tu.

Kitu ambacho watu hawakisemi ni kwamba wakuu wa genge wanapukutika. Yule bosi wa kwanza anapigwa risasi na Irma Vep mwenyewe, kalogwa kwa macho na jambazi wa upande mwingine anaitwa Moréno, anakuja bosi wa pili Satanas naye anakwenda, anakuja Vénénos, na Irma Vep yupo palepale. Mpaka sehemu ya mwisho, siku ya harusi yake na huyo Vénénos, ndo anauawa kwa risasi, tena anayempiga ni mke wa Guérande. Steringi kwenye karatasi ni mwandishi wa habari ila hakuna anayemkumbuka, mi mwenyewe sura yake nishaisahau.

dogo_wa_posta:
Hahaha ingekuwa enzi zetu kibanda umiza jamaa wa kutafsiri angeshampa jina la Mwajuma

Halafu mimi nilishaiona picha yake, ile ana mabawa ya popo kayatandaza, kali sana

KitiChaNyuma:
@dogo_wa_posta hiyo siyo yeye. Wa mabawa ya popo ni Stacia Napierkowska, mnenguaji, yupo sehemu ya 2 anacheza densi jukwaani kavaa hivyo, na kabla hajatoka jukwaani ameanguka kafa kwa sumu ya pete. Ukitafuta Musidora mtandaoni hiyo picha inakuja kila mara na watu wanaisambaza tu. Wa popo ni marehemu wa sehemu ya 2, Irma Vep ni yule wa taiti.

BintiMsomaji:
Shikamooni wakubwa, wengine habari. Naomba niongezee maana naona mada inataka kuishia kwenye taiti, na hiyo ndo bahati mbaya ya huyu mama tangu zamani.

Jina lake la kuzaliwa Jeanne Roques, kazaliwa Paris 1889. Baba mwanamuziki na msoshalisti, mama mchoraji na mtetezi wa haki za wanawake, kwahiyo nyumbani kwao maneno ya siasa na vitabu ndo ilikuwa chai ya asubuhi. Hata jina Musidora alilitoa kwenye riwaya ya Théophile Gautier. Na sinema yake ya kwanza kabisa, 1914, haikuwa ya ujambazi wala nini, ilikuwa ya taabu za mafundi cherehani wa kike, imetengenezwa na ushirika wa watu wa mrengo wa kushoto uitwao Cinéma du Peuple. Huku jioni anapanda jukwaani kwenye kumbi za burudani, Folies Bergère na kwingineko, ndipo Feuillade akamuona akamchukua Gaumont.

Baada ya Vampires akacheza Judex, imetoka 1917, sehemu 12, huko ni Diana Monti, anajifanya yaya wa mtoto kumbe ana mpango na mali za tajiri. Kama mnampenda akiwa muovu basi Judex msiiache, humo hana taiti na bado anatisha, anakaa mezani na watu anatabasamu anajibu kwa adabu huku unamwona anapiga hesabu.

Sasa sehemu ambayo wengi hawaijui. Alikuwa rafiki wa karibu wa mwandishi Colette, wakaanza kupeleka kazi za Colette kwenye filamu, Minne, La Vagabonde ambayo ilipigwa Italia, halafu La Flamme cachée ambayo Colette aliiandikia sinema moja kwa moja. Musidora hakukaa tu mbele ya kamera, aliongoza, akaandika, akafungua kampuni yake mwenyewe Société des Films Musidora. Mwanamke, miaka hiyo, hata kupiga kura Ufaransa haruhusiwi (waliruhusiwa 1944!) na yeye ana kampuni ya filamu. Mwanzoni mwa miaka ya 20 akahamia kazi Hispania, akatengeneza Pour Don Carlos, kisha Soleil et ombre 1922, kisha La tierra de los toros 1924. Huko kulikuwa na Antonio Cañero, mpiganaji wa ng'ombe kwa farasi, alimweka kwenye sinema na moyoni pia kama wasemavyo, ila hayo tuyaache.

Na kuhusu swali la sauti: hapana kabisa. Filamu yake ya mwisho kuigiza kama staa ni ya 1926, The Jazz Singer ya Marekani, ile ya sauti iliyowatoa watu roho, ni Oktoba 1927. Yeye mwaka huohuo wa 1927 aliolewa na daktari. Alishaondoka kwenye skrini kabla sauti haijafika, jukwaani akaendelea, na riwaya akaandika.

Mjumbe_wa_nyumba_kumi:
Mtoa mada asante, nimejifunza. Ila niulize kwa nia njema @BintiMsomaji, hizi sifa za udairekta tunazipimaje? Nijuavyo hizo za Colette zimepotea. Mtu tukampe taji kwa filamu ambazo hakuna aliyeziona? Isije ikawa tunamkuza kwa sababu ni mwanamke tu.

BintiMsomaji:
Swali zuri mzee wangu. Za Colette ni kweli zimepotea, hapo sibishi. Lakini za Hispania zipo. Soleil et ombre mimi nimeiangalia na siyo lazima unifuate mimi, itafute. Humo anacheza watu wawili, msichana maskini wa Kihispania mwenye nywele nyeusi na mgeni tajiri wa nywele za rangi ya dhahabu, wote wanamgombea mpiganaji wa ng'ombe mmoja. Amepiga nje kwenye mitaa halisi, kuta nyeupe jua kali, kivuli kimekatika kama kwa kisu, na watu wanaopita nyuma ni wenyeji wenyewe. Na kwenye yule msichana maskini hajipambi hata kidogo. Staa aliyezoeleka kwa urembo kuongoza mwenyewe na kujiweka hivyo, mi naona ni uamuzi wa mtu anayejua anachotafuta. Hadithi yenyewe ni nyepesi, hilo nakubali, mwisho wake unaujua mapema.

KitiChaNyuma:
Na tusisahau Cinémathèque mama yangu. Miaka ya 40 Henri Langlois alimchukua kwenye hiyo hifadhi ya filamu ya Paris, Musidora akawa anakusanya kumbukumbu za wazee wa sinema bubu kabla hawajafa, anawahoji, anaandika. Inasimuliwa pia alikuwa anakaa mlangoni anauza tiketi na vijana wanampa hela wanaingia kuangalia sinema hawajui huyo mama ndo Irma Vep. 1950 akatengeneza filamu fupi ya kumbukumbu zake, La Magique image. Kafariki Desemba 1957. Jamaa wa Surrealism, lile kundi la waandishi na wasanii wa mambo ya ndoto, Breton na Aragon, walishampenda tangu ujana wao mpaka wakamwandikia mchezo wa jukwaani, na 1974 akina mama wa Paris waliofanya tamasha la filamu za wanawake walikiita kikundi chao Musidora. Halafu mwongozaji Mfaransa Olivier Assayas katoa Irma Vep 1996 na Maggie Cheung, akairudia kama sirizi 2022.

mpenda_zilipendwa:
Aisee wakuu mmenifungua. Kwahiyo nianzie wapi? Masaa 7 kwa mkupuo siwezi, mke atanifukuza

BintiMsomaji:
Anza sehemu ya 3, halafu rukia ya 6 ile ya Moréno na macho yake, ukizipenda hizo mbili ndo urudi mwanzo. Tafuta nakala iliyosafishwa, siyo zile za kijivu tupu, za usiku lazima ziwe na rangi ya bluu maana ndivyo zilivyopakwa. Na kama muziki waliouwekea unakukera zima sauti, haupotezi neno lolote 😂

dogo_wa_posta:
Mwajuma ni sehemu ya 3, sawa nimeandika