Mrejesho: kasoro ya zsh kwenye seva yetu ya pamoja

Wakuu, salaam. Niliuliza kama kufurika kwa bafa (data kuzidi nafasi iliyotengewa kwenye kumbukumbu) ndani ya zsh, programu ya kuandikia amri, kunaweza kweli kumpa mtumiaji wa kawaida mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, kwenye seva yenye akaunti za watu wengi.

Ndiyo, kunaweza, na njia yenyewe inatisha. Kasoro yenye namba ya orodha ya umma CVE-2018-1083 ilikuwa kwenye sehemu inayokamilisha majina ya faili ukibonyeza Tab. Programu ilitenga nafasi ya ukubwa wa PATH_MAX (kikomo cha urefu wa njia ya faili), ambao kwenye Linux ni baiti 4096, kisha ikanakili njia ya folda, yaani anwani yake kamili, bila kupima urefu wake. Mwenye nia mbaya anatengeneza folda ndani ya folda hadi njia ipite kipimo, halafu anasubiri. Root akipita humo kwa Tab, herufi za ziada zinamwagikia kumbukumbu ya jirani, na msimbo wa mshambuliaji unaweza kutekelezwa kwa mamlaka ya root. Zsh yenyewe haina mamlaka ya ziada. Hatari inategemea nani anabonyeza.

Kasoro ndugu yake, CVE-2018-1100, ilikuwa kwenye sehemu ya zsh inayokagua barua pepe. Zote zilizibwa toleo la 5.5, mwaka 2018.

Aliyenishauri nisiamini namba ya toleo peke yake, asante sana: wasambazaji wa Linux huingiza viraka (marekebisho ya kasoro) kwenye matoleo ya zamani, hivyo nilisoma orodha ya mabadiliko ya kifurushi. Tumesasisha, na kila mtu ametoka na kuingia upya, maana zsh iliyokwisha kuanza huendelea na msimbo wa zamani.