Naomba ushauri: kamera ya nyuma kwenye trela

Hamjambo ndugu zangu. Nina trela ya kulala ninayoivuta kwa pikapu. Kurudi nyuma nayo kwenye msongamano wa Likoni ni mtihani; vioo havionyeshi kitu na tuktuk hupenya popote. Nataka kufunga kamera ya volti 12. Soketi yangu ni ile ya kawaida ya pini 7, haina waya wa taa ya rivasi wa kuipa kamera umeme. Fundi mmoja wa Changamwe ataka kuchukua umeme kwenye taa ndogo. Sasa mchana niwashe taa ndiyo nione nyuma? Mimi naona bora nivute waya wake peke yake kutoka kwenye betri, wenye fyuzi na swichi. Waya wa picha je, upite chini ya chesisi au ndani? Chumvi ya huku Pwani hula viungo vya waya upesi. Na kamera zile zisizo na waya, picha haikatiki?