Ukiflashi choo trepu ya bafuni inagugumia, bomba la hewa niliweke wapi?

Mjengo_Nzuguni: Wakuu habari za jioni, nipo Nzuguni hapa Dodoma, kazi ya bomba nafanya mwenyewe na kijana wa kunisaidia. Bafu la masta lina choo cha kukaa, sinki na trepu ya sakafuni (tundu la kutolea maji lenye kona inayobaki na maji ya kuzuia harufu), vyote vinaingia bomba la inchi 4 kwenda chemba halafu septiki. Sasa ukiflashi, ile trepu inagugumia, maji yake yanavutwa, baadae harufu inajaa mpaka chumbani. Fundi mmoja anasema bomba la hewa la kwenye septiki linatosha. Ni kweli? Sitaki kubomoa tailizi.

fundi_maji_taka: Halitoshi mkuu. Maji ya choo yakishuka kwa kishindo yanasukuma hewa mbele na nyuma yake yanavuta, na pa karibu pa kuvutia ni hiyo trepu yako. Chukua dumu la lita 20 limejaa uliinamishe, si linagugumia? Ni hewa inatafuta pa kuingilia, ndo kinachotokea hapo. Yale maji ya trepu ni kina cha sentimita 5 tu hivi, na ndo kizuizi pekee kati yako na gesi ya septiki. Unahitaji bomba la inchi 2 lipande mpaka juu ya bati. Kwanza nijibu, sinki linamwaga kwenye trepu au lina njia yake?

Mjengo_Nzuguni: Lina njia yake ya inchi 2, linakutana na trepu chini ya sakafu halafu ndo wanaingia bomba la choo. Nilitaka nitoboe nje kati ya ukuta na chemba, kule hakuna tailizi.

fundi_maji_taka: Nje utakuwa umeshapita choo, trepu itaendelea kuvutwa. Wewe chimbua plasta nyuma ya sinki, pale bomba linapoingia ukutani weka T (kiungio cha njia tatu), sinki liingie ubavuni na juu uendelee na bomba la hewa. Sakafu huigusi. Ukitaka kulikunjia pembeni likunje likiwa juu ya mdomo wa sinki, likilala chini ya hapo siku njia ikiziba uchafu unapanda humo unaganda.

mama_wa_Kisasa: Kaka na kule juu weka wavu wa mbu, na lisitokee karibu na dirisha, upepo wa huku utakurudishia harufu yote ndani. Halafu bafu la wageni likikaa bila kutumika trepu inakauka yenyewe kwa hili jua letu, mwagia maji kila wiki.

Mjengo_Nzuguni: Asante sana dada, asante fundi. Ukuta wa sinki ndo huohuo unaopanda mpaka darini, kesho naanza kuchimbua. Zile vali ndogo za hewa zinazofungwa chini ya sinki si zingefaa bila kutoboa bati?

fundi_maji_taka: Zile zinaingiza hewa kwenye bomba tu, hazitoi. Mfumo wowote lazima uwe na bomba moja wazi linalotoka juu ya paa, na kama ukuta unaruhusu toboa tu bati, ziba kuzunguka bomba vizuri kabla ya mvua za Desemba.