Naomba ushauri: nikate rufaa ya alama za tasnifu yangu ya uzamili au niache?

BintiPangani

Habari za humu ndani wakuu. Nipo Uingereza, nimemaliza uzamili wa afya ya jamii. Matokeo ya tasnifu yametoka, nimepata 58. Kufaulu ni 50, kwa hiyo shahada ninayo. Shida ni kwamba wastani wangu wote umeshuka chini ya 60, na ufadhili wa uzamivu ninaoutafuta unataka 60 kwenda juu.

Kinachoniuma si namba peke yake. Mtahini wa kwanza amenipa 66, anasema uchambuzi wa mahojiano ni wa kina. Wa pili amenipa 50 na ameandika mistari michache tu, mmojawapo unasema sikueleza nilivyowapata washiriki. Jambo hilo lina sehemu yake nzima kwenye sura ya tatu, pamoja na jedwali. Kisha wamejumlisha wakagawa kwa mbili. Mwongozo wa kozi unasema tofauti ikizidi alama 10, kazi inapelekwa kwa msomaji wa tatu. Sioni popote kwamba alikuwepo.

Nilikaa na kina mama walionieleza walivyopoteza watoto njiani kwenda hospitali. Wengine walikuwa hawajawahi kumsimulia mtu. Nikisoma yale maoni naona kama na wao wamepitwa haraka haraka.

Msimamizi wangu anasema niandike tu kwamba sikuridhika. Binamu yangu aliyeko London anasema niachane nayo, watanichukia. Dirisha la rufaa linakaribia kufungwa. Nawasilisha.

Mkwajuni

Pole sana dada. Neno "sikuridhika" usiliandike kabisa. Vyuo vya Uingereza havipokei rufaa inayopinga maoni ya mtahini kuhusu ubora wa kazi. Ukiandika "nilistahili 65", barua inarudishwa bila hata kujadiliwa.

Wanachosikiliza ni utaratibu kukiukwa, au ushahidi wa upendeleo, au jambo zito kama ugonjwa na msiba ambalo ulikuwa na sababu ya maana ya kutolieleza mapema. Wewe unalo la kwanza, tena limeandikwa kwenye mwongozo wao wenyewe. 66 na 50 zina tofauti ya 16. Shika hapo hapo.

Hilo la sura ya tatu nalo litaje, ila taja ukurasa na jedwali. Mtahini akisema kitu hakimo na kimo, hayo si maoni tena, ni dalili kwamba kazi haikusomwa yote. Uzuri wa uchambuzi wako usiutetee hata kwa sentensi moja.

Mwalimu_Kigamboni

Nafundisha chuo hapa nyumbani. Huku kwetu tasnifu inasomwa na mtahini wa ndani na wa nje, kisha mwanafunzi anasimama mbele ya jopo kuitetea. Mtahini wa nje ana uzito mkubwa. Kwa nini usimwandikie yeye? Jina lake huwa liko kwenye nyaraka za kozi.

Nuru_Midlands

Mwalimu, kwa heshima zote, asimwandikie. Kule mtahini wa nje anakagua viwango vya kozi nzima kwa kusoma sampuli za kazi, kwa kawaida hampi alama mwanafunzi mmoja mmoja. Na vyuo vinakataza mwanafunzi kumtafuta moja kwa moja. Atajiharibia.

BintiPangani, kesho nenda ofisi ya ushauri ya chama cha wanafunzi. Ni bure na haiko chini ya utawala wa chuo, wameshasoma rufaa nyingi kuliko sisi wote humu. Nilisaidiwa huko na naipenda kazi yao.

Pili, una haki kisheria ya kuomba taarifa zako binafsi. Omba maoni yote ya watahini kuhusu kazi yako na maelezo ya namna alama ya mwisho ilivyofikiwa. Kwa kawaida chuo kina mwezi mmoja kujibu, kwa hiyo usisubiri. Peleka rufaa ndani ya muda na uandike kwamba ushahidi zaidi utafuata. Rufaa nzuri iliyochelewa ina hatari ya kutofunguliwa kabisa.

Kuhusu kuchukiwa: kanuni zenyewe zinasema mwanafunzi asiumizwe kwa sababu amekata rufaa. Kitu kimoja uliza mapema: kazi ikisahihishwa upya, alama inaweza kushuka? Kila chuo kina kanuni yake.

BintiPangani

Ahsanteni sana, nimeanza kupumua. Wakikataa ndiyo mwisho? Na viza yangu je?

Mkwajuni

Si mwisho. Ukimaliza ngazi zote za ndani, chuo kinakupa barua ya kukamilika kwa taratibu. Kama upo England au Wales, unaipeleka OIA, chombo huru cha malalamiko ya wanafunzi, ndani ya miezi 12. Hulipi chochote. Scotland wana chombo chao. OIA haibadilishi alama, lakini ikiona utaratibu haukufuatwa inaweza kupendekeza kazi isomwe upya.

Viza ni jambo la pembeni lakini usilipuuze. Rufaa haiongezi muda wa viza ya mwanafunzi. Kama unataka ile ya kubaki kufanya kazi, unaiomba ukiwa ndani ya nchi kabla ya ya sasa kuisha, na chuo kiwe kimeshaijulisha serikali kwamba umemaliza. Waulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni kama rufaa itachelewesha taarifa hiyo. Waulize kwa barua pepe, ubaki na jibu.

Shangazi_wa_Moshi

Mwanangu, rufaa inaweza kuchukua miezi na ufadhili haukungoji. Waandikie wafadhili leo, waeleze kwamba alama moja iko kwenye rufaa, uliza kama watapokea maombi kwa masharti. Na huyo aliyekupa 66, kama sheria zao zinaruhusu, mwombe barua ya kukupendekeza. Ameshaisoma kazi na kuikubali.

BintiPangani

Shikamoo shangazi, nawaandikia usiku huu. Nimejaribu kuanza rufaa hivi: "Mwongozo wa kozi unataka msomaji wa tatu tofauti inapozidi alama 10. Tofauti ilikuwa 16 na hakuna kumbukumbu ya msomaji wa tatu. Naamini mtahini wa pili hakuielewa mada yangu. Naomba kazi isomwe na mtahini mpya."

Nuru_Midlands

Futa sentensi ya tatu. Weka namba ya ukurasa wa mwongozo kwenye ya kwanza, ambatisha nakala ya ukurasa huo, kisha uitume.