Babu wa wanangu alizaliwa "Ia." mwaka 1829: nimekwama, naomba msaada

Karani wa Masjala (Tabata)

Habari za jioni wapendwa. Nina jambo linaloninyima usingizi tangu Aprili, naomba mnisaidie.

Baba wa wanangu alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa Oregon. Alifariki miaka minne iliyopita hapa hapa Dar. Aliniachia watoto wawili, binti yupo kidato cha pili na mdogo wake darasa la tatu. Mwezi wa nne binti alipewa kazi shuleni ya kuchora mti wa ukoo. Upande wangu ulijaa, kwa sababu mama yangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu na hadi leo ukimkalisha na kikombe cha chai atakutajia mababu mpaka kizazi cha saba bila kusita. Upande wa baba yao yalikuwepo majina manne, baada ya hapo karatasi tupu. Binti hakulalamika. Alichukua mkasi akakata ile sehemu nyeupe, taratibu kwa kufuata rula, ili pengo lisionekane. Nilimwona kutoka mlango wa jikoni na sikuweza kusema kitu.

Bibi yao kule Salem ni mtu mzima sana sasa, lakini wifi yangu alipiga picha kurasa za Biblia ya ukoo akanitumia WhatsApp. Wenzetu wale zamani waliandika ndoa, vizazi na vifo kwenye kurasa maalumu kati ya Agano la Kale na Agano Jipya. Wino umegeuka rangi ya chai. Nimezikuza zile picha mpaka herufi zikawa madoa. Yanayosomeka ni haya: babu alizaliwa 1829, "Ia." Alioa Septemba 1850, "Fulton Co., Ill.", yaani kaunti ya Fulton, jimbo la Illinois. Mtoto wao wa kwanza, wa kike, alikufa Juni 1852, na mbele ya jina lake kuna neno moja tu, Platte. Wa pili alizaliwa 1854, "Linn Co." Mke ameandikwa jina la kwanza peke yake, jina la kwao halipo.

Mimi nilichukulia "Ia." ni Iowa. Na Linn County kweli ipo Iowa, nimeiona kwenye ramani, mji wa Cedar Rapids upo humo. Basi miezi mitatu nimekuwa nikifungua sensa za Iowa usiku watoto wakishalala, bando likiisha naweka jingine. Wenye jina hilo la ukoo wapo lakini umri hauendani hata mmoja. Kuna tovuti nililipia mwezi mzima, ikaniletea mti ulioungwa na mtu asiyejali, ndani yake mama kamzidi mwanawe miaka sita.

Kazini natunza mafaili. Najua kwamba faili wanalosema limepotea mara nyingi limerudishwa kabati lisilo lake. Naomba anayejua anionyeshe kabati. Jina la ukoo nitampa faragha atakayelihitaji.

Mpima Mstaafu

Mwanangu, pole sana kwa msiba. Achana na Iowa kabisa.

Serikali ya Marekani iliruhusu walowezi kuingia Iowa Juni 1833, baada ya vita vya Black Hawk vya mwaka uliotangulia. Mtoto wa walowezi kuzaliwa huko 1829 ni jambo gumu mno. Indiana, kwa upande mwingine, ilikuwa jimbo tangu 1816 na ilikuwa imejaa watu. Makarani wa karne ile waliandika "Ia." wakimaanisha Indiana. Vifupisho vya herufi mbili tunavyovizoea leo ni vya posta, vilianza 1963, kwa hiyo usimsomee mtu wa 1850 kwa macho ya posta ya sasa. Babu ni wa Indiana, akahamia Illinois, akaoa huko.

Sasa tazama lile neno Platte. Ni mto unaopita Nebraska, na kando yake ndiko yalikopita magari ya maksai kuelekea Oregon na California. Mwaka 1852 kipindupindu kiliua watu wengi sana kwenye njia ile. Familia iliyokuwa Platte mwezi Juni ilikuwa safarini kwenda magharibi. Kutoka Missouri mpaka Oregon ni kama kilomita 3,200, miezi minne hadi sita kwa mwendo wa maksai, ina maana walifika Septemba, Oktoba, pengine Novemba. Na Oregon nayo ina Linn County, tangu 1847, katika bonde la Willamette. Mtoto wa 1854 kazaliwa huko. Masikini yule wa kwanza wamemzika njiani wakaendelea na safari, maana ukisimama unakutwa na theluji milimani.

Kabati lako ni hili. Nimepima ardhi miaka 31, Dar, Pwani na Lindi, na nilipokuwa chuoni tulifundishwa mfumo wao, nikaupenda. Mwaka 1850 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kugawa ardhi bure Oregon. Aliyewahi kufika kabla ya Desemba mwaka huo alipata zaidi. Wenu waliofika 1852 wakiwa wameoana walistahili ekari 320, karibu hekta 130, na nusu yake iliandikwa kwa jina la mke mwenyewe. Soma tena hapo: mke kwa jina lake, mwaka 1850! Masharti yalikuwa kukaa na kulima miaka minne.

Ili apate hati mume aliapa na kutaja mwaka na mahali alipozaliwa, siku aliyofika Oregon, siku aliyoanza kukaa kwenye eneo lake, siku na mahali alipofunga ndoa, na jina la kwanza la mkewe. Majirani wakaja kutoa ushahidi kwamba kweli anakaa pale. Mafaili hayo yapo Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani, na yamepigwa filamu, namba yake ni M815. Genealogical Forum of Oregon, chama cha wafuatiliaji wa nasaba pale Portland, kiliyafupisha moja moja. Wifi yako aulize maktaba ya huko.

Nikuongezee kitu ambacho wasiopima ardhi hawakioni. Mwaka 1851 wapimaji walisimamisha kigingi kwenye vilima vya magharibi ya Portland, na ardhi yote ya Oregon ikaanza kuhesabiwa kutoka pale, miraba ya maili 6 kwa 6, kila mmoja vipande 36 vya ekari 640. Lakini watu walikuwa wameshakaa! Walikuwa na mipaka yao ya vijito na miti ya mialoni. Ndiyo maana ramani za bonde lile zina viwanja vilivyopinda katikati ya miraba iliyonyooka, kama vile Manzese ilivyopimwa watu wakiwa ndani. Ukiipata namba ya kiwanja cha babu utamwona na majirani zake wote kwenye ramani. Waandike majina yao wote. Shahidi kwenye hati za watu wa safari moja mara nyingi ni shemeji.

Kijana wa Sinza

Shikamoo Mzee, umemaliza kila kitu. Dada, mimi naongeza la jina la bibi tu, maana nimeshawahi kufuatilia ukoo wa rafiki yangu wa huko.

Hifadhi ya nyaraka ya jimbo la Illinois ina faharasa ya ndoa mpaka 1900, bure, unatafuta kwa jina la mume na kaunti. Pale utapata jina la kwao bibi. Halafu rudi kwenye sensa ya 1850. Tarehe rasmi ya sensa ile ni 1 Juni na wao wameoana Septemba, kwa hiyo usimtafute bibi kwa jina la mume. Atakuwa bado kwa wazazi wake, kwa jina lake la usichana. Hapo utawaona na wadogo zake wote, kwa kuwa 1850 ndiyo sensa ya kwanza iliyoandika kila mtu huru kwa jina. Za nyuma yake zilitaja mkuu wa kaya tu, wengine wakahesabiwa kwa makundi ya umri.

Tahadhari moja: uhusiano na mkuu wa kaya haukuandikwa mpaka 1880. Msichana wa miaka 17 ndani ya nyumba ile anaweza kuwa binti, mpwa, au mtumishi. Usimfanye binti kabla hujapata ushahidi wa pili. Sensa hizo zipo FamilySearch, tovuti ya nasaba, huhitaji kulipa, unafungua akaunti tu.

Binti wa Ngare Nanyuki (Mbezi)

Dada pole na hongera. Nakuunga mkono kwa moyo wote, na ndiyo maana nasema hili.

Babu yangu alitolewa Ngare Nanyuki mwaka 1951, Wameru walipoondolewa ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Kirilo Japhet alikwenda mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kulisema. Sisi tumekua tukisikia nyumba zilivyochomwa. Kwa hiyo Mzee anaposema "ardhi bure" mimi nauliza ilikuwa ya nani.

Bonde la Willamette lilikuwa la Wakalapuya. Kuanzia 1830 homa iliwamaliza wengi mno, na wanaoichunguza wanasema ilikuwa malaria, ugonjwa wetu huu huu, ulioletwa na meli. Sheria ya 1850 iligawa ardhi kabla wao hawajasaini kitu. Mkataba wao ni wa Januari 1855, na mwaka uliofuata wakapelekwa Grand Ronde, eneo lililotengewa wenyeji huko huko Oregon. Wazao wao wapo huko mpaka leo.

Na jingine linawahusu wanao moja kwa moja. Sheria ile iliwataja wazungu na machotara wa wenyeji. Mtu mweusi hakuwamo. George Bush, mtu mwenye asili ya Afrika aliyeondoka Missouri na familia yake 1844, alikuta Oregon imepitisha sheria ya kuwazuia weusi, akavuka mto Columbia akalima karibu na Tumwater ya leo. Aliwalisha walowezi wengi waliofika na njaa. Ilibidi Bunge lipitishe sheria maalumu mwaka 1855 ili aandikiwe shamba alilokuwa akilima mwenyewe. Waambie watoto na hilo. Wana haki ya babu yao na wana haki ya kujua.

Karani wa Masjala (Tabata)

Mzee wangu shikamoo, na wengine wote asanteni. Nimekaa kimya wiki tano kwa sababu nilikuwa nasubiri wifi.

Alikwenda maktaba, wakamwekea filamu. Faili lina kurasa kumi na moja. Indiana, 1829. Ndoa Fulton County, Septemba 1850, sawasawa na Biblia. Walifika Oregon mwezi Oktoba. Nimesoma ule mstari mara nyingi: Juni walimzika mtoto, Oktoba wamefika, na karani aliyeandika kiapo hakuulizwa wala hakuuliza walikuwa wangapi walipoondoka.

Faharasa ya Illinois imenipa jina la kwao bibi. Nikalirudia faili, na shahidi wa pili ana jina hilo hilo. Kwenye sensa ya 1850, Fulton, nimempata bibi ana miaka 18, na kijana wa miaka 21 mwenye jina la yule shahidi yupo nyumba hiyo hiyo. Nimekumbuka tahadhari ya Kijana wa Sinza, bado siandiki "kaka" kwa kalamu. Nimeweka penseli.

Dada wa Mbezi, nimemsomea binti ulichoandika, chote. Alinyamaza, akauliza kama George Bush alikuwa na watoto. Kisha akaleta ile karatasi aliyoikata Aprili, kumbe aliihifadhi ndani ya daftari, akaibandika tena kwa gundi na kuongeza nyingine pembeni. Juu ya jina la babu wa 1829 ameandika Linn County, na chini yake Wakalapuya. Ameniuliza kama inaruhusiwa kwenye mti wa ukoo kuandika watu ambao si ndugu. Nimemwambia aandike.

Sasa nimebaki Indiana. Faili linataja jimbo tu, kaunti halikutaja, na sensa ya 1830 ina wakuu wa kaya peke yao. Mtoto wa mwaka mmoja hapo ni tarakimu kwenye safu ya wavulana chini ya miaka mitano. Kuna familia sita zenye jina letu na tarakimu kwenye safu hiyo, katika kaunti nne. Mzee, au yeyote, nianze na majirani wa Fulton waliotoka Indiana?