Eti wanatutengenezea mabomba ya gesi "bure": watu wa Mtwara, someni kipengele cha 4 kabla ya kusaini

Wakuu, habari za jioni. Mimi si mtu wa kufungua nyuzi, huwa nasoma na kupita zangu, lakini leo nimekasirika hadi chai imepoa mezani sijaigusa. Jina la kampuni siliweki hapa, sina mwanasheria wala hela ya kesi. Nataka tu kila mwenye nyumba aliyeunganishiwa gesi ya bomba huku kwetu asome hadi mwisho kabla hajashika kalamu.

Jumanne gari la matangazo limepita mtaani, spika mbili juu, singeli inapigwa, halafu sauti ya kijana: "Wenye nyumba wote! Tunatengeneza mabomba yenu ya gesi ya chini ya ardhi BURE! Bure kabisa!" Watoto wakalikimbilia, jirani yangu akapiga vigelegele. Mimi nilikuwa uani nimepiga magoti kando ya shimo na kopo la maji ya sabuni, na nikalisikia neno "yenu" kabla sijalisikia "bure". Mabomba YENU. Tangu lini?

Nianze mwanzo mnielewe.

Mita yangu iko kwenye ukuta wa uzio, upande wa barabara. Kutoka hapo hadi jikoni ni kama hatua ishirini, bomba linapita chini ya uwanja. Walipokuja kuniunganishia sikushika jembe. Mtaro walichimba wao, bomba la njano walililaza wao, mchanga walirudishia wao, na walipomaliza wakanisimamisha mbele ya jiko nicheke, wakanipiga picha ya kuweka kwenye ripoti yao. Hakuna aliyenionyesha mchoro. Hakuna aliyesema "mama, kuanzia hapa ni lako, kuanzia pale ni letu". Niliambiwa jambo moja tu: ukisikia harufu ya yai viza, funga koki, piga simu.

Gesi naongeza kwa simu kama umeme wa LUKU. Elfu ishirini ilikuwa inanivusha mwezi, na hapo kila asubuhi nachemsha mihogo ya kuuza, na msimu wake ukifika nachemsha ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu, sufuria kubwa. Mwezi wa pili ikaanza kuisha siku ya ishirini. Nikamshuku binti anayenisaidia, nikamsema mtoto wa watu kwamba anaacha jiko linawaka akichezea simu. Mwezi wa tatu ikaisha siku ya kumi na moja, na huyo binti alikuwa kwao Newala wiki nzima.

Usiku ule nikafunga koki zote, ya jiko na ile ya ukutani jikoni, nikatoka na tochi ya simu hadi kwenye mita. Ilikuwa saa nne, mtaa umetulia, bahari inasikika kwa mbali. Namba ya mwisho imesimama. Nikasema haya, nimejisumbua bure. Kisha ikageuka, taratibu, kama mtu anayefumbua jicho moja. Nikasubiri. Ikageuka tena. Jikoni hakuna moto wala sufuria, na mita inakula hela yangu palepale naiangalia.

Asubuhi nikautazama uwanja kwa macho mengine. Bomba linapita kando ya matuta yangu ya mchicha. Mawili yamestawi vizuri, la tatu limekuwa njano, limelala, na mvua imenyesha wiki nzima. Nilikuwa nimeshalipiga dawa ya wadudu mara mbili! Kumbe mdudu yuko chini, anaifukuza hewa kwenye udongo, mizizi inakosa pumzi. Kwenye dimbwi la maji ya mvua pembeni ya tuta palikuwa panatoka viputo, kimoja, kinakaa, kingine, kama vile kuna samaki anapumua chini. Kuku wangu alikuwa anavidonoa.

Mtaniuliza harufu. Ilikuwepo, hafifu, ya kubahatisha, nikadhani ni jalala la jirani. Baadaye nikajifunza kwamba gesi asilia yenyewe haina harufu, ile ya yai viza inaongezwa makusudi ili tushtuke, na gesi ikipenya kwenye udongo udongo unaweza kuinyonya harufu na kuiacha gesi iendelee na safari. Kwa hiyo mliofanya pua ndiyo kipimo, pua peke yake haitoshi. Na nyinyi mliotandaza pevingi uwanja mzima, nyinyi ndio nawahofia zaidi. Gesi hii ni nyepesi kuliko hewa, inataka kupanda. Ukiifunika kwa zege inatafuta njia ya pembeni, inatambaa hadi kwenye msingi na kuingia ndani kupitia nyufa na pale yanapopita mabomba ya maji. Ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ya chumba, cheche ya swichi ya taa inatosha. Mimi tuta la mchicha limeniokoa.

Nikapiga simu. Fundi anakuja leo, mama. Alikuja siku ya nne. Siku zote hizo nimefunga koki ya kwenye mita, napikia mkaa, na mkaa wa msimu wa mvua mnaujua bei yake.

Kijana mwenyewe sina ugomvi naye. Ana adabu, kanishikia miguu kwa shikamoo ya kweli, na alichimba kwa mkono, polepole, kama mtu anayetafuta yai. Nilitegemea atazama hadi kiunoni. Wapi! Bomba likachungulia hata jasho halijamtoka. Nikaweka mkono kupima: shubiri moja na vidole vinne. Muhogo wangu unashuka chini kuliko bomba la gesi! Ningeamua kupanda mnazi pale, leo msingeusoma uzi huu.

Plastiki yenyewe ilikuwa nzima. Tatizo liko pale inapoungana na kipande cha chuma kinachopanda kwenda ukutani. Kile chuma kimeliwa na kutu, ukikigusa kinameng'enyuka kama mkate uliokauka. Hakina rangi, hakina utepe, kimefukiwa uchi kama kilivyotoka dukani. Na sisi tunakaa upande wa baharini, huku bati jipya linatoboka, sembuse chuma kitupu kwenye mchanga wa chumvi.

"Mwanangu, hili nani kalifukia?"

"Mkandarasi, mama."

"Mkandarasi wa nani?"

Akacheka kidogo akaangalia shimoni. "Ila mama, hili liko baada ya mita."

Baada ya mita! Kumbe mita ni Mto Ruvuma: ng'ambo hii Tanzania, ng'ambo ile Msumbiji. Tofauti ni kwamba wa Ruvuma tumefundishwa tangu shule ya msingi, huu mimi nimeujua nikiwa nimepiga magoti kwenye tope. Akazungushia utepe, akaniambia nisifungue koki, akaenda. Ndiyo maana gari la matangazo lilinikuta na sabuni: nilifungua koki kidogo nione kama utepe unashika. Haushiki.

Siku iliyofuata ya hilo gari ikaja fomu. Kurasa mbili, maandishi ya kuvaa miwani. Wenzangu pale kwa mjumbe walikuwa wanasaini juu ya goti, mmoja baada ya mwingine, kama wanapokea chandarua. Nikaomba ya kwangu nikasome nyumbani, kijana wa fomu akanishangaa.

Kipengele cha 4: mwenye nyumba anakiri kwamba bomba lote kuanzia kwenye mita hadi jikoni ni mali yake na limekuwa mali yake tangu lilipowekwa. TANGU LILIPOWEKWA. Kipengele cha 6: kampuni haitahusika na kurudishia sakafu, pevingi, bustani wala ukuta utakaobomolewa. Cha 7: huduma hii ya bure ni ya mara moja, baada ya hapo kila tengenezo ni gharama ya mwenye nyumba. Na cha 9, hiki wamekiweka mwisho kabisa chini ya nafasi ya saini: mwenye nyumba hatakuwa na dai lolote kuhusu gesi iliyopotea au hasara iliyotokea kabla ya matengenezo.

Sasa watu wa kusini niambieni, hii si kangomba?

Wa mikoa mingine msiojua: kangomba ni ile biashara ya korosho ya mlango wa nyuma. Mnunuzi anakuja kabla ya msimu, wakati ghala tupu na ada ya mtoto inadaiwa, anakuachia vijisenti au debe la mahindi, na wewe unaahidi korosho zikiiva. Zikiiva anabeba gunia kwa bei ya kopo. Haramu, mwaka 2018 ilipigwa vita kweli kweli, lakini ilivyo tamu kwa mnunuzi ni kwamba anakuja akicheka, na wewe siku ile unamshukuru. Baba yangu alimshukuru mmoja hivyohivyo. Mikorosho ilibaki yake, korosho hazikuwa zake miaka mitatu. Fomu hii ndiyo hiyo. Unavuja, unaogopa, una watoto ndani, anakuja mtu na kipande cha chuma na nusu siku ya fundi, na wewe unampa saini inayosema kosa lilikuwa lako tangu mwanzo.

Na jamani msiniletee habari za "mshukuru gesi ipo". Gesi ya Mnazi Bay, huku huku Mtwara, imegunduliwa 1982, wengine humu hamjazaliwa. Mwaka 2013 mji huu uliwaka moto watu wakipinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, watu walipoteza maisha, sisi tulilala chini ya vitanda. Bomba likajengwa, inchi 36, mamia ya kilomita. Hilo hakuna aliyenigongea mlango na fomu nikiri kwamba ni langu. La hatua ishirini, lenye kutu, linalovuja, hilo ndilo langu!

Nimesoma pia mambo ya wenzetu, nisionekane nabisha tu. Marekani nako bomba la chini lililo baada ya mita mara nyingi ni la mteja, kwa hiyo wazo lenyewe halijazaliwa Mtwara. Lakini kanuni za serikali yao kuu zinaitaka kampuni isiyotunza bomba hilo imjulishe mteja kwa maandishi ndani ya siku 90 tangu aanze kupata gesi: hatulitunzi, linaweza kuliwa na kutu na kuvuja, likaguliwe kila baada ya muda, likionekana ni hatari litengenezwe, na ukichimba karibu nalo chimba kwa mkono. Karatasi moja tu. Mimi nilipewa picha ya kucheka.

Ninachodai si kikubwa. Kipengele cha 4 na cha 9 vifutwe. Bomba liende chini kama bomba la gesi, si kama miche ya nyanya. Chuma kivikwe kinga ya kutu. Na gesi iliyoishia kwa mchicha wangu waihesabu, rekodi za malipo ziko kwenye simu yao na yangu. Barua nimeshaandika na kuipeleka, maana nimeelekezwa kwamba EWURA, wale wadhibiti wa huduma za nishati na maji, hawakupokei kabla hujalalamika kwa mtoa huduma mwenyewe. Dada wa mapokezi alitaka kuichukua hivihivi, nikamwambia mwanangu, gonga muhuri kwenye nakala yangu, nina muda, nakaa. Nikakaa. Akagonga.

Kuna mtu humu wa Mtwara au Lindi ambaye ameshasaini? Wamekuja kweli kutengeneza? Uwanja wako wameuachaje?

NYONGEZA, saa tatu usiku: Mkuu uliyeandika "wamama wanapenda kulalamika hata wakipewa bure", rudi ukasome. Hapa mimi ndiye nisiyeitaka hiyo bure. Waseme "tulifukia vibaya, tunakuja kurekebisha", nitawapikia na pilau. Na wewe unayeuliza kwa nini nisimlete fundi wa mtaani aweke kiungio kingine: gesi si maji ndugu yangu, sitaki fundi wa bomba la choo achezee kitu hicho mita chache kutoka kitanda cha mjukuu.

NYONGEZA, Jumamosi asubuhi: Amekuja yule kijana wa fundi kuchukua fomu. Nimempa imesainiwa, ila kipengele cha 4 na cha 9 nimevikata kwa kalamu nyekundu, pembeni nimeandika jina langu na tarehe. Ameiangalia weee, akasema "mama, hii sijawahi kuiona", akaipiga picha kumtumia bosi wake. Sasa hivi amekaa chini ya mwembe anasubiri jibu, nimempa sahani ya mihogo niliyochemsha kwa mkaa. Ametafuna nusu. Tiki zimekuwa za bluu, jibu hakuna.