MJADALA: Msanii alipwe tena kazi yake ikiuzwa mara ya pili? Kisa cha Rauschenberg na mnada wa 1973

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Naleta hoja hii nikiwa na msimamo wangu, na nataka ipingwe kwa hoja.

Tarehe 18 Oktoba 1973, jijini New York, tajiri wa teksi Robert Scull alipeleka mnadani kazi 50 za sanaa alizokuwa amezikusanya. Mojawapo ilikuwa "Thaw" ya Robert Rauschenberg, kazi ya mwaka 1958 ambayo Scull aliinunua kwa dola 900. Siku hiyo ilikwenda kwa dola 85,000. Rauschenberg alikuwapo. Mnada ulipokwisha alimfuata Scull, akamsukuma, akamwambia wazi kwamba amekuwa akijitoa jasho ili mwingine avune faida. Scull akajibu kwamba mnada huo unamfaa hata yeye, maana kazi zake zijazo zitapanda bei. Yote hayo yalinaswa na kamera. Katika zile dola 85,000, msanii hakuambulia hata senti.

Kwa wasiomfahamu: alizaliwa Port Arthur, Texas, mwaka 1925. Ndiye aliyekataa kuchagua kati ya uchoraji na uchongaji. Alibandika magazeti, vitambaa, picha na mabaki ya mtaani juu ya turubai, akapaka rangi juu yake, na kazi hizo akaziita Combines. Mwaka 1955 alichukua mfarishi na mto, akavimwagia rangi, akavisimamisha ukutani, akauita "Bed". Katika "Monogram" kuna mbuzi aliyekaushwa, mwenye manyoya marefu, amevishwa tairi la gari kiunoni. Mbuzi huyo alimnunua kwenye duka la samani kuukuu za ofisi. Watu walimcheka. Mwaka 1964 akatwaa tuzo kuu ya uchoraji kwenye maonyesho ya Venice, na kicheko kikapungua.

Msimamo wangu: kazi ikiuzwa tena kwa faida, sehemu ndogo imrudie aliyeitengeneza.

Mchangiaji wa pili:
Mkuu, naomba kutofautiana nawe. Aliyekuuzia kiwanja Kigamboni wakati bado ni pori harudi leo kudai asilimia kwa sababu umejengewa barabara. Mauziano yameisha. Halafu tukumbuke, Scull alinunua wakati ambao wengi waliona ni takataka zilizopakwa rangi. Alihatarisha fedha zake. Ni kazi ngapi zimenunuliwa kisha zikashuka bei? Hapo msanii huwa anamrudishia mnunuzi hasara yake? Hapana. Anayetaka kula faida akubali na kula hasara.

Mleta mada:
Hoja ya hatari ni nzito, siipuuzi. Lakini kiwanja hakikupanda thamani kwa sababu aliyekiuza aliendelea kufanya kazi usiku na mchana. Ile ya 1958 ilipanda kwa sababu ya alichokifanya mtu yuleyule kati ya 1958 na 1973: tuzo, maonyesho, mamia ya kazi mpya. Kila alipoongeza jina lake, aliongeza pia thamani ya kitu kilichoning'inia sebuleni kwa mtu mwingine. Mwandishi hulipwa kila nakala inapouzwa. Mwenye kolaji, yaani picha ya kubandika, ana kipande kimoja tu, akikiuza kimekwenda.

Mchangiaji wa tatu:
Tuje kwenye sheria, maana wengine wanadhani hili ni wazo jipya. Ufaransa inalo tangu 1920. California ilipitisha sheria yake mwaka 1976, na Rauschenberg alikuwa miongoni mwa wasanii waliopaza sauti kudai haki hiyo. Ilikuwa asilimia 5 ya bei ya mauzo. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba sheria hiyo inagusa mauzo ya mwaka 1977 tu, kwa kuwa kuanzia 1978 sheria ya hakimiliki ya taifa ndiyo inayotawala. Yaani imebaki jina. Bunge la Marekani halijapitisha ya nchi nzima.

Kwa Umoja wa Ulaya malipo hayo yana kikomo cha euro 12,500 kwa kila mauzo. Sasa pigeni hesabu: "Buffalo II" ya Rauschenberg, iliyonunuliwa kwa dola 16,900 mwaka 1965, iliuzwa New York mwaka 2019 kwa dola milioni 88.8. Yeye alishafariki 2008. Hata kama sheria ya Ulaya ingelihusu mauzo hayo, warithi wake wangepata hizo euro 12,500 na si zaidi. Je, hiyo ingemfilisi muuzaji? Na kwa jirani zetu, Kenya iliingiza asilimia 5 kwenye sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019.

Mchangiaji wa nne:
Mimi swali langu ni kwa huyohuyo Rauschenberg. Mwaka 1974 alitoa kazi iitwayo "Pull", ndani yake mna picha ya mpiga mbizi akiwa hewani. Picha ilikuwa ya mpiga picha Morton Beebe, na Rauschenberg alikuwa ameiona kwenye tangazo la kamera. Hakuomba ruhusa. Beebe akashitaki, na mwaka 1980 wakamalizana nje ya mahakama: dola 3,000 na nakala ya kazi. Anayedai jasho lake kwa Scull mbona hakuliona jasho la mpiga picha?

Mleta mada:
Dada, hilo linauma na ni kweli. Lakini halivunji hoja, linaipanua. Kama jasho la aliyetengeneza linafuata kazi yake, basi Beebe naye alistahili kulipwa tangu mwanzo, bila kwenda mahakamani. Siwezi kumtetea Rauschenberg ukumbini mwa mnada kisha nimfiche kwa Beebe. Na tusisahau kwamba mwaka 1970, kabla hata ya ugomvi wa Scull, alianzisha Change, Inc. kuwasaidia wasanii waliokwama kodi na matibabu. Shida ile aliijua.

Kinachonisumbua kweli ni ukusanyaji. Mauzo mengi hufanyika faraghani, dalali na mnunuzi tu. Napendekeza tuanze na minada ya hadhara, kama ule wa sanaa ya Afrika Mashariki ulioanza Nairobi 2013, na mzigo wa kulipa uwe wa muuzaji aliyepata faida. Aliyeuza kwa hasara asidaiwe kitu. Mchangiaji wa pili, kwa sharti hilo bado unapinga?